Kinga ya Mnyanya dhidi ya Bakteria: Kazi ya Protini

Mnyanya hauna damu. Hauna seli nyeupe za kuzunguka mwilini zikisaka vimelea, wala hautengenezi kingamwili. Hauwezi kuikimbia mvua inayorusha bakteria kutoka jani moja hadi jingine. Hata hivyo, majani yake huguswa na bakteria wa aina nyingi kila siku, na mara nyingi hayaugui. Sehemu hii inaeleza sababu.

Mada hii ina faida mbili kwako mtahiniwa. Kwanza, inaunganisha mambo uliyoyasoma vipande vipande: seli, protini, vimeng'enya, kinga, urithi na mageuko. Pili, swali linalomtenganisha mtahiniwa aliyekariri na yule aliyeelewa mara nyingi humleta kiumbe usiyemzoea, kisha hukutaka utumie kanuni unayoijua. Ukielewa mnyanya unavyojilinda, hutababaika ukiulizwa kuhusu mpunga, mgomba au mhogo.

JAMBO KUU LA KUSHIKA

Kila seli hai ya mmea hujilinda yenyewe. Hujilinda kwa protini zinazofanya kazi tatu: kumtambua adui, kupeleka taarifa ndani ya seli, na kudhibiti ukali wa mapambano. Shika kazi hizi tatu: kutambua, kupeleka taarifa, kudhibiti. Yote yanayofuata yanaingia humo.

1. Adui ni nani?

Tutatumia mfano mmoja uliochunguzwa sana: bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, wa kundi linaloshambulia nyanya. Ugonjwa anaoleta huonekana kama vidoa vidogo vyeusi au vya kahawia kwenye majani, mara nyingi vikizungukwa na duara la njano. Kwenye tunda huacha vipele vidogo vyeusi. Ugonjwa huu umeripotiwa katika mashamba ya nyanya nchini Tanzania na katika nchi nyingine nyingi. Hushamiri wakati wa ubaridi na unyevu, na huenezwa na matone ya mvua, maji ya kumwagilia yanayorukia majani, na mbegu zilizoambukizwa.

Bakteria huyu huingia kwa njia mbili: kupitia stomata, yaani vitundu vya jani vinavyopitisha hewa, na kupitia majeraha. Akishaingia, haingii ndani ya seli. Hukaa katika nafasi zilizo kati ya seli na kuongezeka humo, akitegemea chakula kinachotoka kwenye seli zilizo hai. Kumbuka jambo hilo. Litakusaidia katika kipengele cha 5.

2. Kumbusho kuhusu protini

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja na kupata umbo maalumu. Mpangilio wa asidi amino huamuliwa na jeni. Umbo ndilo linaloamua kazi: protini hushikana na kitu ambacho umbo lake linakikubali, kama ufunguo unavyoikubali kufuli yake. Jeni ikibadilika, asidi amino hata moja inaweza kubadilika, umbo likabadilika, na kazi ikapotea.

Ongeza jambo moja jipya. Seli huwasha na kuzima protini nyingi kwa kuzibandika au kuzibandua kikundi cha fosfeti. Kimeng'enya kinachobandika fosfeti, ikitolewa kwenye ATP, huitwa kinasi. Kinachobandua huitwa fosfatasi. Fikiria swichi ya taa: kinasi hubonyeza upande mmoja, fosfatasi hubonyeza upande wa pili. Sehemu kubwa ya kinga ya mnyanya huendeshwa kwa swichi za namna hii. Angalizo: kubandikwa fosfeti huwasha protini nyingi, lakini zipo zinazozimwa nayo.

3. Ulinzi wa kwanza: kumtambua adui mlangoni

Bakteria huyu huogelea kwa kutumia mkia mwembamba uitwao flagela. Flagela hujengwa kwa protini iitwayo flagelini. Bakteria hawezi kuiacha flagelini kirahisi, maana bila flagela hasogei. Mmea unatumia udhaifu huo huo.

Kwenye utando wa seli ya mnyanya kuna protini ndefu iitwayo FLS2. Ni kipokezi. Sehemu yake moja iko nje ya seli, sehemu ya pili imepenya utando, na sehemu ya tatu iko ndani, nayo ni kinasi. Sehemu ya nje hushika kipande cha flagelini chenye asidi amino 22. Mnyanya na baadhi ya ndugu zake wana kipokezi kingine, FLS3, kinachoshika kipande tofauti cha flagelini hiyo hiyo, chenye asidi amino 28.

Kipokezi kikishika kipande hicho, matukio hufuatana ndani ya dakika chache:

(a) Kipokezi huungana na protini jirani, na kinasi zao huwashana.
(b) Ayoni za kalsiamu huingia ndani ya seli.
(c) Seli hutoa kemikali kali za oksijeni, kama hidrojeni peroksaidi.
(d) Msururu wa kinasi hupokezana taarifa: ya kwanza huiwasha ya pili, ya pili huiwasha ya tatu, hadi taarifa ifike kwenye kiini cha seli.
(e) Ndani ya kiini, jeni za kinga huanza kusomwa na protini mpya hutengenezwa.

Matokeo yake, stomata huelekea kujifunga ili bakteria wengine wasiingie, na ukuta wa seli huimarishwa mahali palipoguswa. Kwa bakteria wengi, ulinzi huu unatosha. Ndiyo maana mimea mingi iko salama dhidi ya vimelea vingi.

Kumbuka: kazi ya (a) ni kutambua, na kazi ya (b) hadi (d) ni kupeleka taarifa. Mtahiniwa anayetaja kutambua tu bila kueleza taarifa inavyofika kwenye kiini amejibu nusu ya swali.

4. Bakteria naye hujibu

Bakteria aliyezoea kuishi kwenye mnyanya ana silaha zake. Ana mrija mwembamba wenye umbo la sindano unaotoboa ukuta na utando wa seli ya mmea. Kupitia mrija huo hupenyeza protini zake ndani ya seli. Aina moja ya Pseudomonas syringae iliyochunguzwa sana hupenyeza takriban protini 30 tofauti. Tuziite protini za kushambulia.

Mbili kati yake zinakuhusu hapa. Ya kwanza ni AvrPto. Hii hujishika kwenye sehemu za kinasi za vipokezi, taarifa ikashindwa kuanza safari. Ya pili ni AvrPtoB. Hii ni kimeng'enya kinachobandika protini ndogo iitwayo ubikuitini kwenye vipokezi. Katika seli, protini iliyobandikwa mnyororo wa ubikuitini ni kama nyumba iliyopigwa alama ya X: hupelekwa kubomolewa. Kwa hiyo bakteria huifanya seli ivunje vipokezi vyake yenyewe.

Bakteria huyo pia hutoa sumu inayofanana na homoni ya mmea, na sumu hiyo huzifungua tena stomata zilizojifunga. Ulinzi wa kwanza sasa umeshindwa. Mmea usio na ulinzi wa pili utaugua.

5. Ulinzi wa pili: Pto na Prf

Mnyanya wa porini uitwao Solanum pimpinellifolium, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini na una matunda madogo kama gololi, ulionekana kuuhimili ugonjwa huu. Watafiti walitafuta sababu, na mwaka 1993 jeni inayohusika ilitambuliwa huko Marekani, ikapewa jina Pto. Ni miongoni mwa jeni za kwanza kabisa za kinga ya mimea kutambuliwa kwa undani. Ipo kwenye kromosomu ya 5 kati ya jozi 12 za mnyanya.

Jeni ya Pto hutengeneza protini ya asidi amino 321. Protini hiyo ni kinasi, nayo hukaa ndani ya seli. Hapa ndipo penye jambo la kufurahisha. Umbo la Pto linafanana na sehemu za kinasi za vipokezi ambavyo AvrPto na AvrPtoB huvitafuta. Kwa hiyo protini ya kushambulia inapoingia ikitafuta kipokezi, hukutana na Pto na kuishika. Pto ni chambo.

Pto haiko peke yake. Imeshikana na protini kubwa zaidi iitwayo Prf, yenye asidi amino zaidi ya 1,800. Wakati wa amani, Prf imetulia. AvrPto au AvrPtoB ikiishika Pto, umbo la Pto hubadilika, badiliko hilo huifikia Prf, nayo huwaka. Prf ikishawaka, kwa msaada wa protini nyingine, hupeleka taarifa kali kuliko ile ya ulinzi wa kwanza.

Matokeo makubwa ni kwamba seli iliyovamiwa na chache zilizo jirani hujiua haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24. Usishangae. Tumesema bakteria huyu hutegemea seli zilizo hai. Seli zikifa mapema, na sehemu hiyo ikijaa kemikali za kinga, bakteria hukosa pa kuongezekea. Mmea hupoteza seli chache na kuokoa jani zima.

Zingatia sana: Pto bila Prf haileti kinga. Mimea yenye Pto nzima lakini yenye kasoro kwenye jeni ya Prf huugua. Prf bila Pto nayo haiwezi kuzitambua AvrPto na AvrPtoB. Moja inatambua, nyingine inapeleka taarifa.

6. Breki: kwa nini kinga lazima idhibitiwe?

Watahiniwa wengi hudhani kinga ikiwa kali zaidi ndivyo mmea unavyofaidi zaidi. Fikiria tena. Silaha kuu ya mnyanya ni kuua seli zake wenyewe. Silaha hiyo ikifyatuka bila adui, mmea unajidhuru.

Jambo hili limeonekana katika majaribio. Mnyanya ulipofanywa utengeneze Pto kupita kiasi, vidoa vidogo vya seli zilizokufa vilijitokeza kwenye majani hata pasipo bakteria. Aidha, kutengeneza protini za kinga hutumia ATP na asidi amino ambazo zingetumika kukuza majani na matunda.

Kwa hiyo seli ina breki. Ya kwanza ni ushirikiano wa Pto na Prf wenyewe: adui asipokuwepo, zinashikana katika umbo la utulivu. Ya pili ni fosfatasi, zinazobandua fosfeti zilizobandikwa na kinasi. Mnyanya una fosfatasi iitwayo Pic1 inayobandua fosfeti kwenye kinasi mojawapo ya kinga, iitwayo Pti1. Kinasi hukanyaga mafuta, fosfatasi hukanyaga breki, na gari hufika salama kwa sababu vyote viwili vinafanya kazi.

7. Urithi: hesabu ya mbegu

Kinga inayoletwa na Pto hurithiwa kama sifa tawala. Tuiite aleli ya kinga K, na aleli isiyo na kinga k. Wazalishaji wa mbegu waliuchavusha mnyanya wa kawaida (kk) kwa mnyanya wenye kinga (KK). Watoto wote wa kizazi cha kwanza ni Kk, na wote wana kinga. Kisha waliendelea kuwachavusha watoto wenye kinga kwa mnyanya wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, ili kubakiza matunda makubwa pamoja na aleli K.

Sasa chukua mkulima aliyenunua mbegu chotara zenye Kk. Msimu wa kwanza shamba lake lina kinga. Anakamua mbegu kutoka kwenye matunda yake na kuotesha miche 240 msimu unaofuata. Mnyanya kwa kawaida hujichavusha wenyewe, kwa hiyo:

Wazazi: Kk × Kk
Gameti: K, k na K, k
Watoto: 1 KK : 2 Kk : 1 kk

Uwiano wa wenye kinga kwa wasio na kinga ni 3 : 1. Katika miche 240, tunatarajia 180 yenye kinga na 60 isiyo na kinga. Miche hiyo 60 itaugua ugonjwa ukifika, na itakuwa kituo cha kuongeza bakteria katikati ya shamba. Mkulima atasema mbegu "imechoka". Wewe utamweleza kwamba aleli zimegawanyika.

8. Kwa nini kinga hii inaweza kuvunjika?

Pto hutambua AvrPto na AvrPtoB. Bakteria aliyepoteza protini hizo, au ambaye protini zake zimebadilika umbo, hatambuliwi. Shamba zima likiwa na mnyanya wenye Pto, bakteria wanaotambuliwa hushindwa kuongezeka, na wachache wasiotambuliwa hubaki na kuzaana. Huu ni mteuo asilia, sawa na vile bakteria wa binadamu wanavyopata usugu dhidi ya dawa. Bakteria wa namna hiyo wamepatikana mashambani. Watafiti huwaita kundi 1, na wale wanaotambuliwa na Pto huwaita kundi 0.

Kinga ya Pto pia ni ya ugonjwa mmoja. Haizuii mnyauko bakteria, unaoletwa na bakteria mwingine aitwaye Ralstonia solanacearum. Huyu huishi kwenye udongo, huingia kupitia mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji, mmea ukanyauka ungali wa kijani. Unaweza kumtambua kwa jaribio rahisi: kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache uzi wa ute mweupe kama maziwa utashuka.

Kwa sababu hizo, mkulima mwenye mbegu bora bado anahitaji mbegu safi, kubadilisha mazao, kumwagilia chini ya mmea badala ya juu ya majani, na kuondoa mabaki ya mimea iliyougua.

9. Ulinganisho wa haraka

| Kipengele | Binadamu | Mnyanya |
|---|---|---|
| Seli maalumu zinazozunguka | Zipo (seli nyeupe za damu) | Hazipo. Kila seli hujilinda |
| Kingamwili | Hutengenezwa | Hazitengenezwi |
| Vipokezi vya protini | Vipo | Vipo, kwenye utando na ndani ya seli |
| Kujiua kwa seli zilizovamiwa | Kupo | Kupo. Ni silaha kuu |

MAKOSA YA KUEPUKA

(i) Kuandika kwamba mmea hutengeneza kingamwili. Andika: mmea hutumia protini za vipokezi.
(ii) Kuandika "jeni hupigana na bakteria". Jeni hubeba maelekezo. Protini ndizo zinazofanya kazi.
(iii) Kuandika kwamba bakteria "aliamua" kujibadilisha. Mabadiliko ya jeni hutokea kwa bahati. Mteuo asilia huchagua.
(iv) Kuita vidoa vyote dalili za ugonjwa. Vidoa vidogo sana vya seli zilizojiua vinaweza kuwa dalili ya kinga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kazi tatu za protini katika kinga ya mnyanya, na utoe mfano mmoja kwa kila kazi. (alama 6)
2. Mnyanya una Pto lakini jeni yake ya Prf ina kasoro. Je, utaugua ukivamiwa na bakteria mwenye AvrPto? Eleza. (alama 3)
3. Mnyanya Kk ulichavushwa kwa mnyanya kk na kutoa miche 120. Mingapi inatarajiwa kuwa na kinga? Onyesha hatua. (alama 4)
4. "Kifo cha seli chache ni faida kwa mmea." Fafanua kauli hii. (alama 4)

MWONGOZO WA MAJIBU

1. Kutambua: FLS2 hushika kipande cha flagelini. Kupeleka taarifa: msururu wa kinasi hadi kwenye kiini. Kudhibiti: fosfatasi Pic1 hubandua fosfeti.
2. Utaugua. Pto itashikwa na AvrPto, lakini bila Prf inayofanya kazi taarifa haitapelekwa, na seli zilizovamiwa hazitajiua.
3. Kk × kk. Gameti K, k na k. Watoto 1 Kk : 1 kk. Nusu ya 120 ni miche 60.
4. Bakteria huyu hutegemea seli hai, seli zilizovamiwa zikifa mapema hukosa chakula na mahali pa kuongezeka, maambukizi hayasambai, sehemu kubwa ya jani huendelea na usanisinuru. Ongeza sharti hili ili upate alama zote: kifo hicho lazima kidhibitiwe, kitokee mahali adui alipo na wakati yupo.